Historia ya vyama vya maafisa wa uhusiano mwema: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Pwani

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila maafisa wa uhusiano mwema wa Mombasa wanapokutana, wawe wa bandarini, wa hoteli, wa kaunti, wa vyuo au wa mashirika ya misaada. Yameanza na ya msingi, yakaishia kwenye yale yanayozua ubishi. Mwenye haraka ya kuandika historia ya tawi lake na aruke hadi swali la 12.

## Mambo ya msingi

1. Jina sahihi ni lipi: uhusiano mwema, uhusiano wa umma au mahusiano ya umma?

Yote matatu yanataja kazi moja. Magazeti na redio za Kenya zimezoea "uhusiano mwema". Tanzania husema "afisa uhusiano", na vyuo vya pande zote mbili huandika "uhusiano wa umma" au "mahusiano ya umma". Ukipekua nyaraka za zamani, tafuta kwa majina yote, maana karani mmoja aliandika hivi na mwenzake vile.

"Uhusiano mwema" ni jina zuri lakini lina mtego: linawafanya watu wadhani kazi yenyewe ni kutabasamu na kupokea wageni. Maana iliyokubaliwa na wajumbe wa vyama vya nchi mbalimbali mjini Mexico City mwezi wa Agosti 1978 ni nzito zaidi. Ni kuchunguza mambo yanakoelekea, kukadiria matokeo yake, kuwashauri viongozi wa shirika, kisha kutekeleza mipango inayolifaa shirika na kuufaa umma. Hilo neno la mwisho, umma, ndilo linalotenga taaluma na upambe.

2. Chama cha taaluma kina tofauti gani na chama cha wafanyakazi au Baraza la Vyombo vya Habari?

Chama cha wafanyakazi humtetea mfanyakazi mbele ya mwajiri: mshahara, saa za kazi, kufutwa. Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya liko kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2013 na linasimamia waandishi wa habari. Chama cha taaluma hufanya jambo la tatu: huweka kiwango cha kazi, humfundisha mwanachama, na humwajibisha akikiuka maadili, hata kama mwajiri wake amefurahi na kazi hiyo.

Mkanganyiko unatokana na ukweli kwamba maafisa wengi walitoka kwenye vyumba vya habari. Wapo wanaobaki na kitambulisho cha uandishi huku wakilipwa kulisemea shirika. Hapo ni lazima mtu achague upande, kwa sababu msomaji ana haki ya kujua anayemwambia jambo amesimama wapi.

3. Chama cha Kenya kilianza lini?

Mwaka 1971. Ndicho Chama cha Uhusiano wa Umma cha Kenya, ambacho wengi hukitaja kwa herufi PRSK. Ni chama cha taifa zima, na makao yake yako Nairobi.

4. Kwa nini wakati ule, si kabla wala baadaye?

Mambo kadhaa yaliiva pamoja. Baada ya uhuru wa 1963, Wakenya walikuwa wakishika nafasi zilizoachwa na Waingereza serikalini na katika makampuni, na kazi ya kulisemea shirika ilikuwa miongoni mwake. Mafunzo nayo yalikuwa yamepata mahali. Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ya Kenya ilianza mwaka 1961, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua shule yake ya uandishi wa habari mwaka 1970, mwaka mmoja tu kabla ya chama.

Pia palikuwa na mifano ya kuiga. Wamarekani waliunganisha vyama vyao mwaka 1947 na kuunda PRSA, chama chao cha taifa. Waingereza wakaanzisha taasisi yao London mwezi wa Februari 1948, na wengi waliokuwa mstari wa mbele walikuwa maafisa wa serikali kuu na wa serikali za mitaa. Barani Afrika, Afrika Kusini ilikuwa na chama tangu 1957 na Nigeria tangu 1963. Kwa hiyo Kenya haikuwa ya kwanza, wala haikuchelewa.

5. Mombasa ilikuwa na nini kabla ya chama?

Ilikuwa na mengi, ila hayakuitwa kwa jina hilo. Pwani mtawala aliyetaka kusikika alipigisha mbiu, pembe ya mnyama inayogongwa kwa kijiti, na methali imebaki: mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Habari zilipimwa barazani, na neno lisiloaminika lilifia hapo hapo.

Kisha yakaja maandishi. Alibhai Mulla Jeevanjee alianzisha hapa Mombasa gazeti la African Standard mwaka 1902. Lilihamia Nairobi mwaka 1910, na ndilo babu wa The Standard la leo. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alitoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, na kazi hizo ni shule kwa afisa yeyote anayetaka kujifunza kumwandikia Mswahili kwa Kiswahili chake badala ya kumtafsiria.

Upande wa mashirika, bandari na reli ndizo zilizokuwa waajiri wakubwa. Kuanzia 1948 ziliendeshwa pamoja chini ya mamlaka moja ya Afrika Mashariki, zikatenganishwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na sehemu yake, na Halmashauri ya Bandari ya Kenya ikaundwa mwaka 1978, makao yake Mombasa. Kwa mtafiti maana yake ni hii: barua za kabla ya 1977 huenda ziko Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, si Kilindini. Watu wengi huvunjika moyo kwa kutafuta mahali pasipo.

## Vyama vya bara na vya dunia

6. FAPRA ilikuwa nini, na iko wapi sasa?

FAPRA lilikuwa shirikisho la vyama vya uhusiano wa umma vya Afrika, na lilianzishwa Nairobi mwaka 1975, miaka minne tu baada ya chama cha Kenya. Mrithi wake ni APRA, Chama cha Uhusiano wa Umma cha Afrika.

Usilipite neno "shirikisho" haraka. Wanachama wa shirikisho ni vyama: ukitaka kuingia, kwanza nchi yako iwe na chama kilicho hai. Nchi ambayo chama chake kimelala hukosa kiti, hata iwe na maafisa hodari mia moja. Ndiyo maana kulipa ada ya chama cha taifa, jambo ambalo wengi hulidharau, kuna uzito hadi kwenye meza ya bara. Na katika maandishi yako tumia jina la wakati husika: cheti cha mwaka 1980 ni cha FAPRA, wala hakigeuki cha APRA kwa sababu jina limebadilika.

7. IPRA nayo?

Hicho ni chama cha uhusiano wa umma cha dunia nzima, na kinawachukua watu binafsi, si vyama. Kilianzishwa London tarehe 1 Mei 1955. Wanaokichanganya na APRA hupotoshwa na herufi. Kuna pia Global Alliance, muungano wa vyama vya nchi ulioanza mwaka 2000. Huo kwa umbo lake unafanana zaidi na FAPRA.

8. Je, kuna chama kimoja cha Afrika Mashariki?

Kila nchi ina chake: PRSK Kenya, PRAU Uganda, PRST Tanzania. Watu hudhani kimoja kilikuwapo kwa sababu wanakumbuka reli moja, posta moja na shirika moja la ndege. Lakini Jumuiya ya kwanza ilivunjika miaka sita tu baada ya PRSK kuanza, na mkataba wa Jumuiya ya sasa ulitiwa saini tarehe 30 Novemba 1999. Kwa afisa wa Mombasa mwenye kazi Tanga au Zanzibar, njia ni kujiunga na chama cha nchi anakofanyia kazi au kubaki na cha kwao. Uanachama hauhami wenyewe mpakani.

9. Kanuni za maadili zilitoka wapi?

Hili ndilo swali lenye utajiri kuliko yote, nasi tungependa kila mwanachama mpya aanze nalo kabla ya kuuliza habari za beji.

Mwaka 1906 Ivy Lee, Mmarekani aliyekuwa mwandishi wa habari, alitoa tamko lake kwa wahariri: kazi yake ingefanywa wazi, habari zingekuwa sahihi, na mhariri angesaidiwa kuhakiki jambo lolote. Lilikuwa tamko la mtu mmoja, halikumfunga mwingine.

Hatua ya kufungana ilikuja na vyama. IPRA ilipitisha kanuni za Venice mwaka 1961, zinazohusu mwenendo wa mtaalamu kwa mteja, kwa mwajiri, kwa umma na kwa wenzake. Tarehe 12 Mei 1965 zikapitishwa kanuni za Athens, zilizoandikwa na Mfaransa Lucien Matrat. Hizi ziliegemezwa juu ya Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948. Yaani mtu anayepokea taarifa yako si shabaha, ni binadamu mwenye heshima na haki ya kujiamulia. Mwaka 2007 zikaja za Brussels, kuhusu kazi ya kuzungumza na serikali na watunga sheria. Mwaka 2011 zote tatu zikaunganishwa kuwa waraka mmoja.

Ukisoma kanuni za chama chochote cha nchi utakuta kivuli cha Athens na Venice: kutosema uongo, kutoficha unayemtumikia, kutunza siri ya mteja, kutotumikia pande mbili zinazogombana bila wote kuridhia. Zinapokwama ni kwenye utekelezaji. Kanuni isiyo na kamati ya nidhamu, muda wa kusikiliza shauri na adhabu iliyotajwa, ni karatasi ya kutundika ukutani. Unapopima uhai wa chama cha zamani, usihesabu sherehe. Uliza ni mashauri mangapi ya maadili yalisikilizwa, na kama yaliandikwa.

10. "Nauli" ya waandishi wa habari inaruhusiwa?

Bahasha ya fedha hairuhusiwi. Kanuni za IPRA zinakataza kumpa mwakilishi wa umma au chombo cha habari kishawishi cha fedha, moja kwa moja au kwa kuzunguka, na jina "nauli" haliibadilishi bahasha. Kama tukio liko mbali, tuseme Kwale au Kilifi, kodi gari moja la waandishi wote, andika kwenye mwaliko saa na mahali litakapoondokea, na gharama iingie vitabuni kama usafiri. Tofauti iko hapo: gari liko wazi kwa kila chombo, pamoja na kile kilichokukosoa wiki iliyopita.

## Sheria

11. Ni lazima niwe mwanachama ili nifanye kazi hii? Na kwa nini wanasheria wana nguvu sisi hatuna?

PRSK ni chama cha hiari. Kinaweza kumfukuza mwanachama, hakiwezi kumzuia kufanya kazi. Wanasheria na wahasibu wana sheria za Bunge zinazotaja nani aruhusiwe na nani avuliwe leseni.

Nigeria ilivuka daraja hilo mwaka 1990, chama chake cha 1963 kilipopewa sheria yake. Uingereza ilichukua njia nyingine: taasisi ya 1948 ilipata hati ya kifalme mwaka 2005, inayoipa hadhi lakini haimlazimishi mtu kujiunga. Maafisa wa Kenya wamekuwa wakidai sheria kwa miaka mingi. Kwa maoni yetu dai hilo ni la haki, lakini litakuwa na nguvu zaidi likiletwa pamoja na kumbukumbu kamili za mashauri ya nidhamu (tazama swali la 9). Bunge haliwezi kukabidhi upanga kwa asiyeonyesha alivyotumia fimbo.

Kwa wanaotaka kuunda kikundi kipya: Sheria ya Vyama, Sura ya 108, inahesabu watu 10 au zaidi walioungana kuwa ni chama, na inataka maombi ya usajili yapelekwe kwa Msajili ndani ya siku 28 tangu kuundwa. Kosa la kawaida ni kukusanya ada miezi sita, kufungua akaunti kwa jina la mtu, ndipo watu wakumbuke usajili. Fedha zikipotea, hakuna chama cha kudai.

## Kuandika historia ya tawi au chama chenu

12. Tunataka kuandika historia yetu. Tuanze wapi?

Anzeni na karatasi, si na watu. Mzee akihojiwa kabla hamjasoma kumbukumbu, hamtajua la kumuuliza, na hatakubali kwa moyo ule ule kuhojiwa mara ya pili.

Mpangilio unaofanya kazi ni huu. Kwanza kusanyeni katiba ya kwanza na kila marekebisho yake, kisha kumbukumbu za mikutano mikuu ya mwaka, kisha hesabu zilizokaguliwa, kisha barua. Hesabu ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Kumbukumbu za mkutano hueleza walichosema watu, vitabu vya fedha hueleza walichofanya. Risiti ya ukumbi inathibitisha mkutano uliokanwa na wote.

Pili, tengenezeni jedwali lenye safu nne: tarehe, tukio, nyaraka inayothibitisha, na mahali ilipo nyaraka hiyo. Tukio lisilo na nyaraka liingizwe, lakini safu ya tatu iandikwe "simulizi". Tatu, tafuteni mapengo. Miaka isiyo na kitu ndiyo ya kuulizia wazee (swali la 17) na ya kutafuta nje: Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iliyoko Moi Avenue, Nairobi, maktaba ya Fort Jesus, magazeti ya zamani, na majarida ya wafanyakazi ya mashirika.

Nyaraka zikiwa kwenye shirika la umma, tumieni Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, inayotekeleza kifungu cha 35 cha Katiba. Ombi ni la maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza, na ni haki ya kila raia. Eleza nyaraka kwa undani: mwaka, idara, aina ya barua. Hakuna ada ya kupeleka ombi, ila unaweza kutozwa gharama ya nakala. Shirika linapaswa kuamua ndani ya siku 21, na linaweza kuongeza siku 14 mara moja. Likinyamaza au likikataa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Maombi mengi hukwama kwa sababu ya kuandika "naomba habari zote kuhusu". Hakuna karani anayeweza kujibu hivyo.

13. Mwaka wa kuanzishwa unabishaniwa. Tuchukue upi?

Mara nyingi wote wanasema kweli. Chama huzaliwa mara tatu: siku watu walipokutana kwanza, siku katiba ilipopitishwa, na siku Msajili alipotoa cheti. Kati ya ya kwanza na ya tatu inaweza kupita hata miaka miwili. Andikeni zote tatu, kisha mkutano mkuu uamue ipi itaadhimishwa, na uamuzi huo uingie kwenye kumbukumbu. Anayechapa fulana za maadhimisho kabla ya uamuzi huo anajitafutia balaa.

14. Barua haina tarehe. Tutajuaje ni ya lini?

Soma kichwa cha barua kabla ya barua yenyewe. Mombasa ina alama zake:

- Simu yenye msimbo 011 ni ya kabla ya mabadiliko ya mwanzo wa miaka ya 2000. Baada yake ni 041.
- Anwani ya S.L.P. ikifuatwa na 80100 ni ya miaka ya 2000 au baada.
- "Kilindini Road" kwa barabara ya mjini inayoitwa Moi Avenue leo inaelekeza kabla ya utawala wa Moi, ulioanza 1978, ingawa watu waliendelea kuisema kwa mazoea. Vivyo hivyo "Salim Road" kwa Digo Road.
- "Mkoa wa Pwani" ni kabla ya kaunti kuanza kazi mwaka 2013.
- Nambari ya simu ya mkononi kwenye kichwa cha barua: mwisho wa miaka ya 1990 au baada.

Alama moja haitoshi, kwa sababu ofisi humaliza karatasi za zamani kabla ya kuchapa mpya. Tafuta mbili zinazokubaliana, kisha andika "takriban", na useme umejuaje.

15. Mafaili yamepata unyevu na yananuka. Tufanye nini?

Usiyaanike juani. Jua la Mombasa hukausha upande mmoja, karatasi ikakunjika na wino ukapauka. Yatandaze kivulini kwenye chumba chenye feni, feni isielekezwe kwenye karatasi, na weka karatasi nyeupe zisizo na maandishi kati ya kurasa, ubadilishe kila zinapolowa. Vaa barakoa, kuvu huumiza kifua. Kuvu ikishakauka kabisa ifagie kwa brashi laini, nje, kuelekea mbali na kurasa.

Ondoa pini, stepla na klipu zote. Hewa ya bahari huzifanya zishike kutu, na kutu hula karatasi hadi tundu. Usivute stepla kwa nguvu: inua miguu yake kwa kisu butu kwanza. Raba za kufungia nazo ziondoke, huyeyuka na kuganda. Usiitie nyaraka ya asili plastiki ya moto, haitoki tena.

Kabati lisigusane na ukuta wa nje, na rafu ya chini iwe angalau sentimita 15 juu ya sakafu. Chumba chenye kiyoyozi kinachozimwa kila jioni ni kibaya kuliko chumba cha kawaida chenye hewa, maana baridi na joto vikibadilishana unyevu hutua kwenye karatasi.

Hatari kuliko zote ni faksi. Karatasi ile laini inayong'aa ya miaka ya 1980 na 1990 iliandikwa kwa joto, na maandishi yake hufifia yenyewe hata gizani. Zianze faksi. Zikishabaki nyeupe hazirudi.

16. Kuskani: kiwango gani?

Maandishi 300 dpi (nukta kwa kila inchi), picha 600 dpi, kwa rangi hata kama nyaraka ni nyeusi na nyeupe, kwa sababu mhuri wa buluu na saini ya wino mwekundu ni ushahidi. Hifadhi nakala kuu katika TIFF, na ya kusomea katika PDF. Jina la faili lianze na mwaka: 1984-03-12_mkutano-mkuu. Weka nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja nje ya jengo. Simu ya mwenyekiti haihesabiwi.

Kaseti zenye ukungu mweupe ndani zisichezwe kabla hazijasafishwa, maana utepe utakatika na kuchafua mashine.

17. Tuwahoji vipi wazee wa chama?

Nendeni na picha na kumbukumbu za mkutano mkononi. Usiulize "mwaka gani?", maana mzee atakupa mwaka ili akufurahishe. Uliza kwa matukio ambayo kila mtu wa Pwani anayajua: ilikuwa kabla au baada ya feri ya Mtongwe kuzama, Aprili 1994? Kabla au baada ya ghasia za Likoni za Agosti 1997? Kabla ya mvua za El Niño? Lakini haya ni matukio yaliyoacha misiba majumbani. Mtu akinyamaza, mpe nafasi, wala usiulize la pili.

Kaa asubuhi, dakika 60 hadi 90, zima feni inayonguruma, weka kinasa sauti karibu na kifua chake si katikati ya meza. Mzee, bibi au shekhe, mwite anavyoitwa mtaani kwake. Mwanzoni mwa kinasa taja tarehe na mahali, naye aseme kwa sauti yake kama anaridhia kurekodiwa, na kama sauti yake inaweza kusikilizwa na wote au baada ya muda fulani. Hakiki kila dai kwa nyaraka, lakini usimkatize kumsahihisha. Kosa lake nalo linaeleza jinsi chama kilivyokumbukwa.

## Mambo magumu

18. Tunaweza kuchapisha orodha za wanachama wa zamani?

Majina ya viongozi waliochaguliwa, ndiyo, hayo yalikuwa ya hadhara. Nambari za simu, anwani za nyumbani, vitambulisho na madeni ya ada, hapana. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamhusu mtu aliye hai hata kama orodha ni ya mwaka 1975. Funika sehemu hizo kwenye nakala ya kuchapisha, na uiache nakala kamili kabatini.

19. Kumbukumbu zina kesi ya nidhamu ya mtu anayeheshimika. Tuiondoe?

Msiiondoe kwenye hifadhi. Kwenye maandishi, elezeni shauri na uamuzi bila jina kama halikutangazwa wakati ule. Kama lilitangazwa, andikeni lililotangazwa tu, pamoja na matokeo ya rufaa iwapo ilikuwapo. Kuchana ukurasa ni kuvunja maadili yale yale yaliyokuwa yakitetewa na shauri hilo.

20. Chama kililala miaka kadhaa kisha kikafufuka. Ni chama kile kile?

Angalia usajili. Kama cheti hakikufutwa na katiba ni ile ile, ni chama kimoja kilicholala, na miaka ya usingizi itajwe hivyo. Kama kilisajiliwa upya, ni chama kipya chenye warithi wa zamani. Tazama swali la 6 jinsi FAPRA na APRA zinavyotajwa.

21. Katibu wa zamani hataki kurudisha mafaili.

Mara nyingi anaogopa kwamba jina lake litafutwa au kwamba ataulizwa habari za fedha. Msianze na barua ya wakili. Mtumeni mtu anayemheshimu, mwombeni aruhusu mafaili yaskaniwe nyumbani kwake, mbele yake, kwa siku moja au mbili, na mwandike kwenye jedwali kuwa nyaraka zimehifadhiwa naye. Skana ndogo ya mkononi na kompyuta moja vinatosha. Mkishapata nakala safi, suala la karatasi zenyewe linaweza kusubiri mkutano mkuu. Akifariki kabla, nendeni kwa familia baada ya arobaini, kabla nyumba haijahamwa, kwa sababu mafaili huwa ya kwanza kupelekwa jalalani.